Maziwa yanakula sakafu ya banda

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Dodoma, hasa waliojenga mabanda ya zege pembezoni mwa jiji, kuanzia Nzuguni na Ihumwa hadi Nala na Veyula, na wenzao wa Kongwa na Mpwapwa. Kiangazi ndicho kipindi cha kukarabati mabanda, na ndicho kipindi ambacho makopo ya rangi ya sakafu yanauzwa kwa ahadi kwamba sakafu iliyolika itapona. Haiponi. Rangi inalinda zege zima, haifufui zege lililokufa. Tena sehemu kubwa ya banda haihitaji rangi hata kidogo.

Ingia kwenye banda lililotumika miaka kadhaa, uangalie chini. Katikati ya njia wanapopita ng'ombe, zege limesuguliwa na kwato hadi likawa laini, lakini limeshikana. Sogea kwenye kihori cha kulishia: kokoto zimechomoza kama meno, saruji iliyokuwa katikati yake imekwenda, na ukikwangua kwa ukucha unatoka unga mweupe. Sogea tena pale anapokamuliwa ng'ombe, mahali ndoo inapowekwa na matone yanapodondoka asubuhi na jioni. Hali ni hiyohiyo. Sasa kwato haziingii kihorini. Kilichokula pale ni asidi.

Saruji ikishaganda inabaki na chokaa nyingi ndani yake, ndiyo maana zege jipya ni alkali kali, lenye pH ya 12 hadi 13 (pH ni kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali). Maziwa mabichi, yenye pH ya 6.6 hadi 6.8, hayana ubaya mkubwa. Lakini yakiachwa sakafuni kwenye joto letu hayachukui muda kuchacha: bakteria wanageuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki na pH inashuka hadi karibu 4.5. Saileji, yaani majani ya malisho yaliyovundikwa, ikiiva vizuri iko karibu na 4, na juu ya asidi ya laktiki ina ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki. Zege linaanza kuumia pH inaposhuka chini ya 6.5, na ikifika chini ya 4.5 linalika kwa kasi. Asidi hizi zikikutana na chokaa zinatengeneza chumvi zinazoyeyuka, ukimwaga ndoo ya maji ya kuoshea, saruji yako inaondoka na maji hayo kwenda shimoni. Mkojo wenyewe si asidi, ila chumvi za amonia zinazotokana nao zinanyonya chokaa polepole, na chumvi zinazobaki kwenye vitundu vya zege ndizo zitakazokuja kuinua rangi yako. Tutafika huko.

Kabla ya dawa zinazofaa, tuziondoe zisizofaa.

Niru. Fundi akimaliza kumwaga zege, maji yanapopanda juu anarusha saruji kavu na kuisugua kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Sebuleni inapendeza. Bandani ni makosa mawili kwa mpigo. Ng'ombe mwenye kilo 400 anasimama juu ya kioo kilicholowa mkojo, na gamba lenyewe ni saruji tupu isiyo na kokoto, dhaifu kuliko zege lililo chini yake. Rangi utakayopaka hapo itashika gamba, lakini gamba halijashika zege, kwa hiyo vyote viwili vitabanduka pamoja.

Rangi ya mafuta nayo inashindwa kwa sababu ya kikemia ambayo hakuna ufundi wa brashi utakaoishinda. Mafuta yaliyomo kwenye rangi yakikutana na ualkali wa zege lenye unyevu yanageuka sabuni, kwa njia ileile ya kupika sabuni kwa mawese na soda kali. Ukiona rangi ya sakafu inanata, inateleza na kutoka kama utando ukiisugua kwa maji, sabuni yenyewe ndiyo hiyo. Na asitokee wa kukushauri upake oili chafu ya magari kama inavyopakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa. Ni uchafu usiostahili kuwa karibu na chakula cha ng'ombe wala ndoo ya maziwa, na sakafu iliyokwisha kunywa oili haitashika rangi nyingine yoyote mpaka uichimbe.

Anayemwaga sakafu mpya ana bahati, maana kinga ya kwanza na ya bei nafuu kuliko zote ni zege lenyewe. Vitundu vya zege vinaachwa na maji yaliyozidi. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 usipewe zaidi ya lita 22 za maji, na hapo uhesabu na maji yaliyomo kwenye mchanga ulioloa. Kwa kipimo cha 1:2:3, mfuko huo unakwenda na ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo tano na robo za kokoto, na unatoa zege la takribani mita 1.3 za mraba kwa unene wa sentimita 10. Fundi atalalamika kwamba zege ni gumu kusambaza. Ni kweli, ni gumu. Mnunulie dawa ya kulainisha zege, usimruhusu aongeze ndoo ya maji pembeni ukigeuka. Kwa sakafu ya banda tumia saruji iliyoandikwa 42.5, au ile ya pozolana iliyosagwa pamoja na mawe ya volkano, kwa kuwa pozolana inatumia sehemu ya ile chokaa ambayo asidi ingeila. Ila ya pozolana inakomaa taratibu zaidi, usipunguze siku za kuimwagilia.

Kokoto zetu za miamba ya itale ni nzuri, asidi ya maziwa haiziwezi. Tatizo letu ni mchanga wa makorongo, una udongo mwingi. Weka mchanga kwenye chupa ya kioo ufike sentimita 10, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, uache saa tatu. Udongo utatua juu ya mchanga kama utando wa kahawia. Ukizidi milimita 8, osha mchanga au tafuta mwingine. Maji ya kisima yenye chumvi inayosikika ulimini usiyatumie kwenye zege lenye nondo.

Chini ya zege tandika nailoni nzito ya geji 1000. Wengi wanaona nchi yetu ni kavu, nailoni ya nini? Ya maji ya kuoshea banda, yanayozama pembeni na kurudi kwa chini, na ndiyo yatakayosukuma rangi juu baadaye. Kila mita 3 kata mstari wa kuelekeza nyufa, kina cha sentimita 2.5, siku ileile au kesho yake asubuhi. Usipoukata wewe, zege litajichagulia pa kupasukia.

Hapa Dodoma adui mkubwa wa zege bichi ni upepo mkavu. Zege likimwagwa saa tano asubuhi mwezi wa Agosti linakauka juu kabla halijaganda chini, linatoa nyufa kama za tope la bwawa lililokauka, na uso wake unabaki unga milele. Mwaga alfajiri au jioni, zungusha turubai upande wa upepo, na mara kidole kinapokoma kuacha alama funika kwa magunia yaliyoloweshwa na nailoni juu yake. Siku 7 ndicho kima cha chini, 14 ni bora. Ikiwa utapaka rangi baadaye, usikubali dawa ya kutunza maji ya zege iliyotengenezwa kwa nta, kwa sababu hakuna rangi inayoshika juu ya nta.

Juu ya zege ng'ombe wanapopita, umalizie kwa fagio la chelewa, kisha chora mifereji yenye upana wa milimita 10 na kina kama hicho, kila baada ya sentimita 4 hadi 8. Kingo za mifereji zikikauka zina makali kama msumeno. Buruta juu yake tofali zito la zege mara kadhaa mpaka mkono upite bila kukwaruzwa, la sivyo nyayo za ng'ombe zitalika wiki ya kwanza. Osha sakafu mpya mara kadhaa kabla ya kuingiza ng'ombe, maana ualkali wa zege bichi unachoma ngozi ya katikati ya kwato. Njia hii usiipake chochote. Iache zege.

Sasa dawa zenyewe. Dukani zote zinaitwa kinga ya sakafu, lakini kazi zake ni tofauti kabisa, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Ipo silikati, ya sodiamu, potasiamu au lithiamu. Ni maji maji yanayoingia kwenye zege, yanakutana na chokaa na kugeuka kitu kigumu kinachoziba vitundu. Inamaliza unga wa sakafu na kuongeza ugumu wa uso. Inapuliziwa mpaka zege lishibe, lita moja kwa mita 4 au 5 za mraba, sakafu inaachwa ikiwa imeloa dakika 20 hadi 30, halafu ziada inaoshwa. Ikiachwa ikauke inabaki ganda jeupe kama glasi ambalo ni shida kulitoa. Silikati haizuii asidi. Inaichelewesha tu, kwa sababu kile kitu kigumu nacho kinaliwa na asidi.

Ipo silani na ndugu yake siloksani. Hizi zinaufanya uso wa vitundu uyakatae maji, kama jani la mgomba, bila kutengeneza utando juu. Zinafaa kwa kuta za chini zinazorukiwa na maji ya kuosha. Asidi haziizuii, tena zina mtego: ukishapaka silani, epoksi, rangi ngumu tunayoifikia sasa hivi, haitashika tena hapo. Mfuatano huu usiukosee.

Halafu zipo zinazotengeneza tabaka. Akriliki ni rahisi kupaka na rahisi kubanduka, tunaiacha. Epoksi, yenye makopo mawili yanayochanganywa, ndiyo yenye uwiano mzuri wa bei na kazi kwa mfugaji mdogo: inastahimili maziwa yaliyochacha, mkojo na sabuni, ingawa inapauka ikipigwa na jua moja kwa moja na inaumizwa na asidi kali za kusafishia mashine zisipochanganywa na maji. Chagua isiyo na thina ndani. Yenye thina inakauka kwa kuacha vitundu vidogo thina inapotoroka, na ya maji inaacha utando mwembamba mno kwa kazi ya bandani. Mwisho ipo poliyurethani iliyochanganywa na saruji, inayotandazwa kwa mwiko unene wa milimita 6. Hiyo haiogopi maji ya moto wala unyevu kidogo wa zege, na ndiyo inayowekwa kwenye viwanda vya maziwa. Inakula takribani kilo 12 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuitamani. Ukiitumia, kata mfereji wa milimita 12 kwa 12 pembeni na kuzunguka tundu la maji ili kingo zake zijishikilie humo.

Kwa banda la ng'ombe wanne au watano, maoni yetu ni haya: epoksi iende mahali pa kukamulia na kwenye chumba cha maziwa. Kihorini weka marumaru zenye glezi. Kwingine kote, zege zuri linatosha.

Kazi yenyewe iko kwenye maandalizi, na ndiyo kazi inayorukwa. Sakafu iliyokwisha kutumika imekunywa mafuta ya maziwa, na kama unalisha mashudu ya alizeti imekunywa na mafuta ya alizeti. Isugue kwa maji ya moto na sabuni kali ya alkali, suuza, rudia. Kisha dondosha matone ya maji sehemu mbalimbali. Tone likizama na kuacha doa jeusi, pamesafika. Likikaa kama shanga, mafuta bado yapo, na epoksi nayo itakaa juu yake kama shanga.

Baada ya hapo gonga sakafu yote kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, ukisikiliza. Panapolia kama debe tupu, pamejitenga. Chimbua kwa tindo mpaka ufike zege linalolia vizuri. Kingo za shimo zikatwe wima, angalau sentimita 1 kwenda chini, maana kiraka kinachoishia kwa ukingo mwembamba kama ncha ya kisu kitavunjika hapohapo. Lowesha shimo, ondoa maji yaliyotuama, pitisha uji wa saruji uliochanganywa na gundi ya mpira ya zege, na kabla haujakauka jaza mota (saruji na mchanga) ya 1:3 yenye gundi hiyohiyo. Kiraka hicho nacho kina siku zake za kukomaa. Usikipake epoksi kesho yake.

Uso wa zege lazima ufunguliwe. Njia bora ni mashine ya kusaga zege yenye jiwe la almasi, huku msagaji akivaa barakoa, kwani vumbi la zege linaharibu mapafu. Wengine watatumia asidi. Basi iwe haidrokloriki, ile ya kusafishia marumaru, na isiwe asidi ya betri: hiyo ni salfuriki, inageuza chokaa kuwa jasi na kukuachia tabaka laini palepale unapotaka ugumu. Lowesha sakafu kwanza. Mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi, lita 1 kwa lita 10, na kama povu halitoki ongeza nguvu kidogo kidogo. Sugua dakika 5 hadi 10, suuza, mwaga maji yenye magadi kuua asidi iliyobaki, suuza tena mara mbili au tatu. Uso mzuri unasikika kama msasa mkononi. Banda likiwa limetoka kunyunyiziwa klorini ya kuua vijidudu, lisuuzwe sana kwanza na liachwe lipitishe hewa, kwa sababu klorini na asidi vikikutana vinatoa gesi inayoua. Ng'ombe wawe mbali, na mafundi wawe na glavu, miwani na buti za mpira.

Acha sakafu ikauke, halafu fanya kipimo cha nailoni. Kata kipande cha sentimita 45 kwa 45, kibandike kwa gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha mwanya, ukiache kuanzia jioni kwa angalau saa 16. Asubuhi kibandue. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni, unyevu bado unapanda. Na ukiona unga mweupe unarudi juu ya sakafu kila ikikauka, hizo ni zile chumvi za mkojo tulizotaja. Chumvi zinavuta maji, maji yanatunga malengelenge chini ya rangi, na lengelenge likikanyagwa na kwato linafunguka. Osha na kukausha mara kadhaa. Zikiendelea kurudi, uso huo wa juu uondolewe na kumwagwa upya, hakuna rangi ya kuokoa sakafu hiyo. Zege jipya lisubiri siku 28.

Hesabu ya epoksi isiyo na thina ni rahisi: lita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni unene wa milimita 1. Basi kwa tabaka la robo milimita, lita 1 inafunika mita 4. Mahali pa kukamulia pa mita 3 kwa 4 ni mita 12, kila tabaka ni lita 3, matabaka mawili lita 6, ongeza kama nusu lita ya kunatia kwenye ndoo na rola. Kwenye uso uliosagwa tabaka la kwanza litanywewa zaidi ya hapo. Fundi anayekuambia lita 2 zitatosha chumba hicho anakuuzia rangi ya macho. Chora sakafu kwa chaki, lita ngapi kwa kipande kipi, naye amalize kiasi hicho ndani ya mistari.

Anza saa kumi jioni, wala si asubuhi. Sakafu inapopata joto, hewa iliyomo vitunduni inatanuka na kutoka kama mapovu, na kila povu linaacha tundu kama la sindano ambalo asidi italitumia kama mlango. Sakafu inapopoa, hewa inajikunja na kuvuta epoksi ndani. Joto letu linafupisha pia muda wa mchanganyiko: ulioandikwa dakika 40 kwa nyuzi 20 unaweza kubaki dakika 20 kwa nyuzi 30. Changanya kidogo kidogo. Makopo mawili yakikutana yanatoa joto lake yenyewe, na ndoo iliyojaa ikisahauliwa pembeni inafuka moshi na kugeuka jiwe. Mchanganyiko uleule ukisambazwa sakafuni mara moja, unakaa muda mrefu zaidi.

Kuchanganya kwenyewe kuna siri moja ndogo. Tumia drili ya mwendo wa polepole yenye pangaboi, dakika 3, ukikwangua kuta na kitako cha ndoo kwa kijiti. Kisha mimina kwenye ndoo ya pili iliyo safi na uchanganye tena dakika 1. Rangi iliyonatia kwenye kuta za ndoo ya kwanza haijakutana na dawa ya kugandisha, na ndiyo inayosababisha yale mabaka yanayonata miezi miwili bila kukauka. Kwa sababu hiyohiyo, usipindue ndoo juu ya sakafu ili idondoshe ya mwisho. Vipimo vya makopo mawili vifuatwe kama vilivyoandikwa, dawa ya kugandisha ikizidi haiharakishi, inadhoofisha. Iepushe na ngozi, inachoma, na wapo wanaopata mzio usiokwisha.

Epoksi tupu ikilowa inateleza kama barafu. Juu ya tabaka la kwanza likiwa bichi, nyunyiza mchanga mgumu wa mawe ya kwatzi mpaka sakafu ikatae, yaani uone mkavu kila mahali, kilo 3 hivi kwa mita ya mraba. Kama wa dukani haupatikani, mchanga wa korongo unafaa ukiandaliwa: osha mpaka maji yatoke meupe, anika juu ya bati mpaka ukauke kabisa, upitishe kwenye wavu wa mbu wa dirishani, kisha uchekeche kwa chekecheo la unga. Uliopita wavu na kubaki kwenye chekecheo ndio wenyewe. Kesho yake fagia uliolegea, upake tabaka la pili. Kama saa 24 zimepita, au muda wowote ulioandikwa kwenye kopo, piga msasa kwanza, kwa sababu epoksi iliyokomaa haijui kushika epoksi mpya. Usiweke chembe za aluminiamu oksidi zinazowekwa kwenye ngazi za viwandani. Kwato zitalika.

Pale ukuta unapokutana na sakafu, jaza kona kwa mota na uipitishie tumbo la chupa ya soda ili iwe mviringo, kisha upandishe epoksi ukutani sentimita 10 au 15. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Ng'ombe wasirudi kabla ya siku 7.

Kwa kihori, marumaru zipakwe gundi mgongo mzima, kusiwe na uvungu, maana ulimi wa ng'ombe na koleo la kukwangulia vitazivunja. Kosa linalorudiwa ni kujaza nafasi kati ya marumaru kwa saruji nyeupe. Marumaru itabaki inang'aa na saileji itakula saruji hiyo mpaka marumaru zicheze kama meno ya mzee. Jaza kwa grauti ya epoksi.

Kutunza si kazi kubwa. Maziwa yaliyomwagika yasuuzwe palepale kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu kwanza, kwani ya moto yanagandisha protini sakafuni. Asidi ya kuondoa magamba kwenye vyombo vya maziwa ichanganywe kwenye ndoo, isidondoke sakafuni ikiwa kali. Samadi isukumwe kwa mpira wa tairi kuukuu uliofungwa kwenye mti, wala si kwa koleo la chuma. Mkwaruzo ukionekana, upigwe msasa na kupakwa wiki hiyohiyo, kwa kuwa asidi ikishapata njia inakula zege chini ya rangi huku rangi ya juu ikionekana nzima.

Ombi letu kwa wenye maduka ni dogo. Epoksi kwa kawaida ina karatasi ya maelezo kutoka kiwandani, inayotaja uwiano wa kuchanganya, muda wake kwa kila nyuzi ya joto, unene wa tabaka na orodha ya kemikali inazostahimili, asidi ya laktiki na amonia zikiwemo au zisiwemo. Itafsirini kwa Kiswahili na kumpa mnunuzi pamoja na risiti.

Mfugaji ambaye hakupewa karatasi anaweza kujipimia. Nunua kopo dogo kuliko yote, paka kipande cha zege lililovunjika pande zote, matabaka mawili, ukiache siku 7. Kiweke kwenye ndoo yenye mfuniko, nusu yake ndani ya maziwa mgando, nusu juu, ubadilishe maziwa kila baada ya siku chache. Baada ya wiki mbili kitoe, kioshe, ulinganishe nusu mbili kwa ncha ya msumari. Ile iliyozama ikichanika kirahisi kuliko ile iliyokuwa juu, au ikiwa imefifia na kufura, kopo kubwa usilinunue.

Ni sisi,
Mafundi na washauri wa mabanda ya ng'ombe,
Nzuguni, Dodoma